Kona ya Nne

Chamwino,
3 Juni 2025

Kwa Fundi Yotham,

Shikamoo.

Barua hii nimempa Castory, kondakta wa basi la Kwa Mtoro. Nimekupigia simu mara sita, na mara zote sita umesema "Haloo, haloo, semeni," kisha umekata. Ya saba alipokea mkeo, Mama Penina. Akanieleza kwamba masikio yako yameliwa na mashine ya kukatia marumaru na meseji huzioni, kwa hiyo nikuandikie kwa kalamu, tena kwa herufi kubwa. Haya, ndizo hizi.

Mimi ni Mwantumu, binti wa marehemu Bi Tatu wa Chamwino. Hatujawahi kuonana. Mwaka jana mwezi wa tisa nilikuagiza kwa simu kutoka Songea, nilikokuwa nafanya kazi, uvunje bafu la mama ulijenge upya bila kizingiti, kwa sababu alikuwa amejikwaa mara mbili na goti halikuwa likikunjika tena. Mama akafariki kabla hujamaliza. Ulikuja kumalizia baada ya mazishi, mimi nimesharudi Songea. Mwezi wa tatu mwaka huu nimepata uhamisho, sasa naishi humu nyumbani kwake na ninalala chumbani kwake.

Ukuta wa chumba hiki unaopakana na bafu umelowa. Chini kabisa, pale unapokutana na sakafu, kuna alama ya maji yenye urefu wa mkono wangu, na rangi inabanduka. Mvua ziliisha Aprili. Bafu lenyewe silitumii, naoga kule uani. Naogopa kuingia humo, ndiyo kweli, lakini hilo si la kwako. La kwako ni hili: uliniambia kwa kinywa chako kwamba bafu lile halitavuja hata nikifuga samaki ndani. Samaki sijafuga, na linavuja. Naomba uje urekebishe kazi yako.

Mwantumu


Kwa Mtoro,
11 Juni 2025

Binti yangu Mwantumu,

Marahaba. Huku tu wazima, uwele tumevuna na panya wanatusaidia kuula. Herufi zako nimezisoma vizuri, ila hasira yako uliiandika kubwa kuzidi herufi. Si neno. Mwenye ukuta uliolowa ana haki ya kufoka.

Pole tena kwa mama. Mimi nilimwita dada, maana alikuwa Msandawe mwenzangu. Nilipokuwa nachanganya udongo alikaa mlangoni kwenye stuli akinisimamia kama mkaguzi, tukigonga ndimi zetu kwa lugha ya kwetu. Alisema nyie watoto wake lugha iliwashinda, mkijaribu kuongea mnafanya kama watu wanaotafuna karanga mbichi. Tulicheka sana.

Sasa tuje kwenye kazi. Watu hudhani marumaru ndiyo inayozuia maji. Wapi! Marumaru ni nguo tu. Maji yanapita kwenye viungo vyake kila siku. Kinachozuia ni dawa iliyopakwa chini yake, na mahali pa kufa na kupona ni pale sakafu inapokutana na ukuta. Sakafu imetulia, ukuta unacheza, hata kama ni unywele mmoja. Dawa ukiipaka kwenye pembe kali inapasuka kama kisigino cha kiangazi. Ndiyo maana mimi kona naiviringisha kwanza kwa saruji na mchanga mwembamba, iwe na tumbo kama ndani ya bakuli. Halafu dawa ya kwanza. Juu yake mkanda wa kitambaa, dawa ikiwa bado mbichi. Kesho yake dawa ya pili. Bafu lina kona nne za chini na zote nne nazifanya hivyo. Hawa wa siku hizi wanapaka mara moja, wanapiga picha, wanaondoka.

Kwa hiyo shida yako ni bomba. Funga koki ya bafu, uangalie mita kama inazunguka. Halafu bandika nailoni ukutani, uizibe kwa gundi pande zote. Baada ya siku kumi tazama. Matone yakiwa juu ya nailoni, ni hewa ya chumba. Yakiwa chini yake, yanatoka ukutani. Kuja siwezi, magoti yamenigomea.

Msalimie shangazi yako Zena.

Fundi Yotham


Chamwino,
29 Juni 2025

Fundi Yotham, shikamoo.

Nimefanya kama ulivyosema. Koki nimeifunga siku kumi na tatu. Mita haizunguki. Nailoni ina matone kwa chini, makubwa, nayaona yakiteremka. Kwa hiyo si bomba wala si hewa.

Kuna jambo sikukuandikia mara ya kwanza kwa sababu niliona aibu. Ukuta unanuka kafuri. Sijui nyie Wakristo mnawaoshaje watu wenu. Sisi maji ya mwisho ya kumwosha maiti hutiwa kafuri. Nilidhani ni mabaki ya sanda kabatini, nikatoa nguo zote za mama, nikaanika kabati juani siku mbili. Harufu haitoki kabatini. Nimepiga magoti nikanusa. Inatoka kwenye ile alama ya maji.

Tena inakuja kwa saa. Asubuhi hakuna kitu. Inapokaribia adhuhuri alama inakuwa nyeusi, inakua, na chumba kizima kinanuka. Alasiri inapungua. Siku za kazi nipo ofisini, natazama saa ya ukutani, najua kule nyumbani imeanza. Wenzangu wanaenda kula, mimi nabaki mezani.

Mama alioshwa saa sita mchana. Mimi sikuwepo. Siku mbili kabla ya hapo alinipigia akaniuliza nakuja lini nikamwambia wiki ijayo, nina ripoti. Kesho yake alfajiri wakanipigia kwamba hali imebadilika. Nikapanda basi la kwanza kutoka Songea, likaharibika Makambako, tukalala hapo. Nilifika siku ya pili magharibi nikakuta watu wanakunja mikeka na udongo kaburini ulikuwa umeshaanza kukauka. Shangazi Zena alinitazama akasema, "Maiti haimngoji mtu." Hajaniambia neno lingine juu ya siku ile hadi leo. Mimi ni mtoto wake wa pekee wa kike, Fundi. Kumwosha kulikuwa kwangu.

Niambie tu ni kitu gani kinachoweza kufanya ukuta unuke hivyo. Niambie kwamba kuna dawa ya marumaru yenye harufu ya kafuri, nitakuamini.

Mwantumu


Kwa Mtoro,
4 Julai 2025

Mwantumu,

Nimeisoma barua yako. Hiyo harufu ni mawazo. Mtu mwenye msiba hunusa mengi. Paka ukuta rangi ya mafuta mara mbili, hamisha kitanda upande wa dirishani, basi.

Mtu yeyote asivunje sakafu ile. Narudia, asivunje. Kazi ile ilikwisha na mimi ni mzee.

Y.


Chamwino,
20 Julai 2025

Fundi Yotham,

Shikamoo, ingawa hukunisalimu.

Wewe uliyeniandikia ukurasa mzima juu ya tumbo la kona, ndiye huyu anayeniambia nipake rangi ya mafuta juu ya ukuta uliolowa? Hata mimi karani najua itabanduka kabla ya wiki kuisha. Barua yako ya kwanza iliandikwa na fundi. Hii ya pili imeandikwa na mtu anayekimbia.

Nikueleze yaliyotokea. Shangazi Zena alikuja Jumamosi. Sikumwambia kitu. Nilimkaribisha chumbani saa sita kasoro, nikamwacha akae kitandani. Aliponusa alishika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili. Akasema, "Astaghfirullah, wifi yangu." Tukasoma khitma siku iliyofuata, watu wakaja, tukapika pilau. Jumatatu saa sita alama ilikuwa palepale. Shangazi akaniambia bila kupepesa macho: "Anakuita. Hajapokea udhuru wako."

Hapo nikamwita fundi mwingine, Joshua wa Dodoma mjini. Aligonga marumaru moja moja kwa mpini wa nyundo. Pande tatu zilikuwa kimya. Upande wa nne, ule wa chumba cha mama, zikalia kama debe. Akatoboa tundu dogo kwenye kiungo, akashusha waya. Waya ukatoka umelowa urefu wa kidole. Akaunusa. Fundi Yotham, yule mtu alikusanya vifaa vyake, akaondoka hata nauli hakuniomba.

Kwa hiyo chini ya bafu la mama kuna maji, na maji yananuka kafuri, na wewe umenikataza nisivunje. Unajua kitu. Mimi nimeshaamua: mwisho wa Agosti nahama, na shangazi anataka chumba kijengewe matofali mlangoni. Nyumba ya mama itafungwa kama kaburi la pili. Siwezi kuishi na mama anayenikataa kila siku saa sita. Kama ni kweli ananikataa, nyamaza, nitaelewa. Kama kuna jambo jingine, kwa Mungu unayemwomba, niandikie.

Mwantumu


Kwa Mtoro,
27 Julai 2025

Mwantumu,

Leo sikusalimu, maana salamu ya mwongo haina baraka.

Bomba ni zima. Nilijua hivyo tangu barua yako ya kwanza. Hayo maji nayajua. Ni maji aliyooshewa mama yako.

Soma polepole. Sakafu ya bafu la zamani ilikuwa chini ya sakafu ya vyumba, inchi nane. Ili kuondoa kizingiti nilijaza kokoto, juu yake nikamwaga zege jembamba. Asubuhi ile nilikuwa nimemaliza kona tatu. Ya nne, upande wa chumba cha mama, nilikuwa nimeiacha wazi, kuna nafasi ndogo kati ya zege na ukuta, na nilikuwa nimeinama hapo hapo na brashi mkononi. Ndipo nikasikia kilio kutoka upande wa pili wa ukuta. Nikaweka brashi chini, nikatoka nje nikakaa kwenye mfuko wa saruji.

Hapakuwa na mahali pengine pa kumwoshea. Wanawake wakamwingiza mle, wakatundika khanga mlangoni. Baadaye shangazi yako akatoka, mikono imelowa, akaniuliza: "Fundi, una kitu cha kuziba tundu? Maji ya maiti hayaendi chooni." Wanaume walikuwa wanachimba shimo nyuma ya nyumba, na wanawake wangeyateka yale maji na kuyapeleka huko. Mimi kizibo nilikuwa nacho, cha mpira, kile ninachozibia tundu ninapojaza maji kulipima bafu. Kilikuwa mfukoni mwangu.

Nilijua, Mwantumu. Nilijua kona ya nne iko wazi na maji yakisimama yataingia humo. Ningesema nini? "Samahani mama, msimwoshe, dawa haijakauka"? Mimi mwanamume, mgeni, Mkristo, kibarua, nimesimama mbele ya khanga? Nikampa kizibo.

Siku ya nne baada ya mazishi wakaniita nimalizie. Nikashusha waya kwenye ile nafasi kama alivyofanya huyo Joshua. Maji yalikuwa yamekaa kwenye kokoto kama kwenye sufuria. Ilitakiwa ning'oe zege, nitoe kokoto zote, niache wazi wiki tatu. Lakini nyumba ilikuwa na waombolezaji wasiopungua arobaini na choo kimoja cha uani, na kila mtu ananiambia malizia, malizia. Tena zile kokoto ningezipeleka wapi? Kifusi tunamwaga kando ya barabara. Nikamwage maji ya dada yangu barabarani, malori ya Kibaigwa yapite juu yake? Nikaona heri niyafunike. Nikaiviringisha kona ya nne, nikaipaka dawa mara tatu badala ya mbili, nikabandika mkanda, nikaweka marumaru. Katika maisha yangu sijafanya kona nzuri kama ile. Nikajiambia nimemsitiri dada yangu. Kumbe nimemfungia. Dawa inayozuia maji kushuka inayazuia pia kupanda, na yamebaki na njia moja tu, ukuta wako. Adhuhuri jua linapiga bati na ukuta wa nje, joto linayavuta, ndipo yanapotoka. Hiyo ndiyo sababu ya saa sita. Mama yako hajui saa.

Mimi masikio yangu hayasikii jogoo, hayamsikii Mama Penina hata akifoka. Ila kuna sauti moja naisikia kila siku, bakuli likikwaruza sakafu, wanawake wakiteka yale maji. Nikikuambia siogopi nitakuwa naongeza uongo.

Kosa ni langu.

Yotham


Chamwino,
2 Agosti 2025

Fundi,

Niliisoma barua yako nikaichana. Halafu nikaokota vipande nikavibandika kwa selotepu.

Miezi miwili! Miezi miwili unaniacha nimepiga magoti ukutani nikimwomba mama radhi kwa sauti, nikimweleza habari ya basi na Makambako, naongea na kokoto zako! Ulikuwa na kalamu. Ulikuwa na karatasi. Ukaniandikia habari ya panya na uwele. Mtu mzima hovyo, Mungu anisamehe, nimeshaliandika na silifuti.

Usiku wa kuamkia leo nimelala vizuri kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwamba umenipa usingizi.

Sasa nakudai jambo moja. Ulikuwa nje ya ile khanga, na siku ile masikio yako yalikuwa bado yanasikia. Shangazi hasemi. Wewe sema. Ulisikia nini? Nani alimwosha? Walimwosha kwa haraka? Na kwa nini maji yalikuwa mengi hivyo mpaka yakajaza chini, wakati walikuwa wanateka?

Mwantumu


Kwa Mtoro,
9 Agosti 2025

Mwanangu Mwantumu,

Mtu mzima hovyo amepokea. Nimemsomea Mama Penina, akasema umenionea huruma, yeye angeandika zaidi.

Nilivyosikia ni hivi. Walikuwa wanawake watatu, shangazi yako na wawili wa msikitini ambao siwajui. Hawakumwosha kwa haraka. Shangazi yako alikuwa anamwongelesha kama mtu aliye hai: "Wifi, nakuinua mkono. Wifi, nageuza." Walipomaliza maji ya majani ya mkunazi, nikadhani wamekwisha. Mmoja wa wale wawili akasema, "Dada Zena, tutie kafuri tumalizie, wanaume wanangoja." Shangazi yako akasema, "Bado. Mwenye maji haya yuko njiani."

Wakakaa. Mama yako wakamfunika. Maji ya mwanzo yalikuwa yamesimama sakafuni kwa sababu hakuna aliyekuwa anateka tena, wamekaa tu. Shangazi yako alitoka mara mbili, akapita mbele yangu bila kuniona, akaenda hadi barabarani kutazama, akarudi. Mara ya kwanza ilikuwa saa sita. Mara ya pili ilikuwa karibu saa saba na nusu. Imamu akatuma mtu kusema jua linakwenda. Ndipo akarudi ndani, nikasikia analia, sijawahi kusikia mtu mzima analia namna ile, na wakamimina maji ya kafuri. Yakachanganyika na yale mengine. Halafu ndipo wakarudi kuteka, na wakati huo yaliyoingia yalikuwa yameshaingia.

Kwa hiyo umeuliza kwa nini mengi. Kona wazi ikipata maji ya dakika kumi inalowa tu. Ile ilipata saa nzima na nusu. Walikuwa wanakungoja wewe.

Hili nilipaswa kulisema kabla ya yote, wala sikujua kwamba hujui. Nilidhani shangazi yako alikwambia. Pengine alipokuona umefika jioni aliona aibu kwamba hakungoja zaidi, akaona aseme neno gumu mapema kabla hujamsemesha wewe. Watu wa kwetu ndivyo tulivyo.

Alhamisi ijayo nitakuja, magoti yakitaka yasitake. Nitashukia Msalato, unipokee hapo, maana nikiachwa stendi kuu sitasikia magari. Nitakata marumaru za upande wa nne tu, nitainua zege. Kokoto zikionekana nitatoka nje. Kuanzia hapo si kazi ya fundi wala ya mwanamume. Andaa ndoo safi. Shimo shangazi yako atajua lilipo.

Yotham


Chamwino,
30 Agosti 2025

Mjomba Yotham,

Shikamoo.

Naona nikuite hivyo, kwa vile ulimwita mama dada. Ulipopanda basi siku ile hukuuliza kitu, na mimi ningekuambia ungesema "Haloo, haloo." Kwa hiyo nakuandikia yale ambayo hukuyasikia ulipokuwa umekaa nje.

Ulipofunga mlango nyuma yako tulibaki mimi na shangazi tumesimama juu ya shimo la kokoto. Harufu ilitupiga mpaka tukatazama pembeni. Shangazi alikuwa amevaa kama anakwenda kuosha, mikono imekunjwa mpaka viwikoni. Nikamwuliza, "Shangazi, mliningoja?" Akasema, "Nani kakwambia?" Nikasema, "Fundi." Akakaa chini, hapo hapo kwenye kifusi chako, na lile vazi lake safi. Akaniambia kwamba angemzuia imamu hadi alasiri, lakini mama alikuwa ameanza kubadilika, na yeye hakutaka nimkute hivyo. "Nilimtoa haraka ili usimwone," akasema. "Halafu ukanitazama kama mwizi, nikakujibu kama mwizi." Miezi kumi, Mjomba! Tumekula sahani moja Idi mbili na hatukuambizana. Tulilia mpaka nikaogopa tutayaongeza yale maji.

Kokoto tulizitoa moja moja kwa mkono, tukazisuuza kila moja kwenye beseni. Maji tuliyachota kwa viganja kwa sababu bakuli halikuingia. Shangazi aliacha baada ya viganja viwili vya kwanza. Akasema, "Haya yaliyobaki ni yako." Akanifundisha maneno, nikayasema. Akanionyesha wanapoanza, mkono wa kuume, halafu wa kushoto, na mimi kila kiganja nilichochota nilikiita kiungo. Mkono wake, uso wake, lile goti. Niliogopa nitasikia kitu cha ajabu. Nilisikia baridi ya maji tu na kokoto zikinikwaruza kucha. Vilijaza ndoo moja na nusu. Tulipoyapeleka nyuma ya nyumba wewe ulikuwa umegeuza uso ukutani, tukapita. Shimo la zamani shangazi alilijua kwa hatua, kumi na nne kutoka pembe ya jiko. Nikamimina mwenyewe. Kokoto tumezifukia humo humo, hakuna hata moja iliyokwenda barabarani.

Nyumba sihami. Mlango hauzibwi.

Sasa nikupe taarifa ya kifundi, maana najua unaisubiri. Sakafu imekaa wazi wiki mbili. Nilibandika nailoni tena, chini haina tone. Ile alama imegeuka nyeupe, chumvi tupu, naifuta kwa brashi kavu kama ulivyosema. Jana nilikuwa nyumbani kwa makusudi. Nilikaa kitandani tangu saa tano nikangoja. Saa sita ikafika. Ikapita. Nikapiga magoti nikanusa ukuta, nikanusa tena. Unanuka saruji.

Miezi yote ile nilikuwa namwogopa, lakini kila siku adhuhuri alikuwepo. Nilikuwa natoka ofisini nikijua kuna mtu nyumbani, hata kama ana hasira nami. Jana niliweka kiganja pale chini, pamekauka kabisa, nikaita "Mama" kama mjinga, na chumba kilikuwa chumba tu. Ndipo nikalia msiba, Mjomba, ule ambao sikuwahi kuulia, mpaka jirani Restuta akaja kugonga kuuliza nani amekufa. Nikamwambia mama yangu.

Njoo umalizie kona.

Mwantumu